Usifute hiyo mashine pepe, kwanza angalia imefia wapi

Kuna tabia moja nataka tuiongelee leo, na naiongelea kwa upendo kabisa maana naiona sana kwa watu wanaojifunza. Mtu anatengeneza mashine pepe, yani kompyuta ya kuigiza inayokimbia ndani ya kompyuta yake kupitia programu kama VirtualBox, anaichomekea ISO, lile faili lenye CD nzima ya kusakinisha mfumo, anawasha, inagoma, anafuta yote, anatengeneza nyingine vilevile kama ile ya kwanza, inagoma tena, safari hii anabadilisha setingi tano kwa mpigo, inagoma kwa namna nyingine, na mwisho anahitimisha kwamba programu ni mbovu au kompyuta yake haina uwezo. Ukimuuliza ilifika wapi kabla ya kugoma hana jibu. Anajua tu imekataa.

Mimi siku zote naanza na hilo swali. Imefika wapi? Haikuwaka kabisa? Iliwaka ikakosa cha kubuti? Ilibuti ikafia kwenye yale maandishi meupe? Kisakinishi kilifunguka kikasema hakioni diski? Kilitembea mpaka katikati kikaganda? Au kilimaliza vizuri kabisa afu mashine ikarudi mwanzo kama vile hakuna kilichofanyika? Hizo ni hitilafu tofauti kabisa, kila moja na chanzo chake, na ukitumia dawa ya hii kutibu ile unajichosha bure. Ndo maana nasema usifute. Hiyo mashine iliyokufa imebeba jibu, ukiifuta umelitupa.

Kitu cha kwanza kukielewa ni kwamba mgeni, yani huo mfumo unaouingiza, anajiendesha kama yuko kwenye kompyuta ya kweli. Yeye anaona ubao mama, prosesa, kidhibiti cha diski, kadi ya mtandao, kadi ya picha na saa, na anahitaji draiva, yani programu ya kukiendesha, kwa kila kimoja kama angekuwa kwenye chuma cha kweli. Hivyo vyote vina aina zake, na aina hizo zimechaguliwa na wewe, au programu imekuchagulia wakati unabofya Next, Next, Finish. Ile orodha ya kuchagua aina ya mfumo, pale VirtualBox inapokuuliza kama ni Windows 11 au Debian au nini, watu wanaichukulia kama lebo tu, kumbe ukichagua pale programu inabadilisha chipseti, kidhibiti cha diski, kadi ya mtandao, kiasi cha RAM na wakati mwingine inahama kutoka BIOS ya zamani kwenda UEFI, hizo ni famweya, yani programu ndogo zinazoiamsha mashine kabla ya mfumo. Kwa hiyo mtu anayeacha "Other/Unknown" kisha anachomeka ISO ya Windows 11 ameshampangia mgeni nyumba isiyo na mlango. Cheki hapo kwanza kabla hujacheki pengine popote.

Haya, tuanze na ile isiyowaka kabisa. Unabofya Start, linatokea dirisha la kosa, hakuna hata skrini ya mgeni. Hapa mgeni hahusiki hata kidogo, ISO haijaguswa bado, kwa hiyo mtu anayekimbilia kudaunlodi ISO nyingine kwa hatua hii anapoteza muda na bando. Tatizo liko kwa mwenyeji, yani kompyuta yako halisi, na mara nyingi ni prosesa. Unajua prosesa za x86, yani zile za Intel na AMD, hazikuzaliwa na uwezo huu. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walishaandika masharti ambayo prosesa inabidi iyatimize ili iweze kubeba mashine pepe vizuri, na x86 haikuyatimiza, maana kulikuwa na maagizo nyeti ambayo mgeni akiyatoa yanapita kimyakimya bila msimamizi, yani programu inayoendesha mashine pepe, kushtuka. VMware walipotoa Workstation mwaka 1999 ilibidi watafsiri maagizo ya mgeni palepale yanapokimbia ili kuziba hilo pengo. Intel wakaja na VT-x mwaka 2005, yani uwezo huo ndani ya prosesa yenyewe, AMD wakafuata na AMD-V mwaka 2006, na programu za saivi zinategemea hizo moja kwa moja.

Sasa shida ni kwamba uwezo huo unaweza kuwepo kwenye prosesa lakini umezimwa kwenye BIOS ya mwenyeji. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, kwenye CPU utaona mstari wa Virtualization kama ni Enabled au Disabled. Kwenye Linux piga `grep -E 'vmx|svm' /proc/cpuinfo`, vmx ni Intel, svm ni AMD, isipotoka hata herufi moja basi kerneli, yani kiini cha mfumo, haioni kitu. Ikiwa imezimwa unaingia BIOS unaiwasha, na kwenye bodi za AMD usitafute neno "virtualization", mara nyingi imeandikwa SVM Mode na imefichwa kwenye menyu za prosesa.

Afu kuna ile inayotesa watu wengi zaidi, nayo ni Virtualization iko Enabled lakini VirtualBox bado inalalamika kwamba VT-x haipatikani, au inawaka ila inatembea kwa kusuasua mpaka unachoka. Hapo mshukiwa ni Hyper-V, programu ya Microsoft yenyewe ya mashine pepe. Windows ikishawasha Hyper-V, hata kama wewe hujawahi kulitamka hilo jina, inakaa yenyewe chini kabisa na kuushika ule uwezo wa prosesa. Na inawashwa na vitu vingi, WSL 2 (ile Linux ndani ya Windows) inaitegemea, Windows Sandbox pia, na ile Memory Integrity iliyoko kwenye Core isolation pia. Fungua msinfo32, shuka mpaka chini, ukikuta "A hypervisor has been detected" ujue kiti kina mtu. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018 VirtualBox ina njia ya kupitia juu ya Hyper-V badala ya kugoma moja kwa moja, na ikifanya hivyo utaona kakobe kadogo ka kijani kwenye ukingo wa chini wa dirisha la mgeni. Ukikaona hako kakobe na kisakinishi chako kinaganda ganda, tayari una jibu. Unachagua, ama unaizima Hyper-V kwa `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off` kwenye terminali iliyofunguliwa kama administrator na kuristati mwenyeji, ukijua kwamba WSL 2 nayo inalala, ama unamweka mgeni wako ndani ya Hyper-V yenyewe na maisha yanaendelea. Mimi kwa mtu anayetumia WSL kila siku namshauri hiyo ya pili, kuliko kuwasha na kuzima kila mara. Na Memory Integrity ni ulinzi wa kweli, usiizime halafu ukaisahau.

Tuseme sasa imewaka. Skrini nyeusi, maandishi machache, "No bootable medium found! System halted." Hii inaogopesha ila ni nyepesi, inamaanisha famweya imetafuta kila mahali haikukuta kitu cha kubuti. Angalia kama ISO imechomekwa kweli kwenye kiendeshi cha CD cha hiyo mashine, kuna watu wanaiweka ISO kwenye folda ya mashine wakidhani inatosha. Ikiwa imechomekwa na bado, angalia ISO yenyewe, inawezekana ilikatika wakati inashuka, na hilo usilipime kwa macho, lipime kwa sha256, yani namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili lote. Kwenye Linux ni `sha256sum` na jina la faili, kwenye Windows ni `certutil -hashfile` jina la faili afu SHA256, kisha linganisha na ile namba iliyoandikwa kwenye ukurasa ulikoitoa. Inachukua dakika chache tu na inakuondolea shaka moja kubwa kwa safari nzima iliyobaki, sijui kwanini watu wanairuka.

Kwenye UEFI mambo yanabadilika kidogo. ISO za Windows zikibuti kwa UEFI zinatoa mstari mmoja, "Press any key to boot from CD or DVD", na unakaa sekunde chache tu. Ukichelewa kubonyeza, au ukabonyeza wakati dirisha la mashine pepe halijashika kibodi, famweya inaiacha CD inaenda kujaribu mtandao na unaona "Start PXE over IPv4". Watu wanaona hayo maneno ya PXE wanaanza kuhangaika na setingi za mtandao, wakati kilichotakiwa ni kuristati, kubofya ndani ya dirisha mapema na kugonga kitufe mfululizo mpaka nembo itokee. Kariri hiyo, tutairudia kule mwisho kwa sababu hicho kitufe hicho hicho kina balaa lake.

Kwenye Hyper-V, ukichagua Generation 2, ile aina inayotumia UEFI, afu ukaweka Linux, utakutana na ujumbe kwamba "image's hash is not allowed". Siyo ISO mbovu. Ni Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaoruhusu kubuti vitu vyenye sahihi tu, na kwa kawaida imewekwa kukubali sahihi za Windows peke yake. Nenda Security kwenye setingi za hiyo mashine, badilisha template kutoka Microsoft Windows kwenda Microsoft UEFI Certificate Authority, Debian na Ubuntu na wenzao wakubwa watapita bila kuzima Secure Boot. Mifumo midogo isiyo na sahihi ndo inabidi uizime.

Na kuna swala la usanifu wa prosesa, hili halina mjadala. Tangu Apple walipotoa M1 mwishoni mwa 2020 watu wengi wana kompyuta za ARM, aina ya prosesa tofauti na x86, afu wanachukua ISO ya amd64, yani ya x86 ya 64-bit, kwa mazoea. Mashine pepe inampa mgeni prosesa ya aina ileile ya mwenyeji, haigeuzi ARM kuwa x86. Tafuta ISO iliyoandikwa arm64 au aarch64. Unaweza kulazimisha x86 kwa emulesheni, yani kuigiza prosesa nzima kwa programu, kupitia QEMU, na UTM, programu ya Mac inayoitumia QEMU, inakurahisishia, ila hapo kila agizo linatafsiriwa na kisakinishi kinachoenda dakika chache kinaweza kula saa nzima, kwa hiyo usishangae ukadhani kimeganda kumbe kinatembea.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, pale kerneli imeshaanza kuongea afu inakufa. Hapa ndo watu wanakata tamaa kwa sababu skrini inajaa maandishi, na mimi ndo nafurahi kwa sababu hatimaye kuna mtu anaongea. Soma. Usisome mstari wa mwisho tu, maana "Kernel panic" ni kilio cha mwisho, sababu iko mistari michache juu yake. Mfano mzuri ni RHEL 9, ile Linux ya Red Hat, na ndugu zake Rocky na Alma. Kuanzia 2022 walipotoka, hawakubali kila prosesa ya 64-bit, wanataka ile inayofikia kiwango cha x86-64-v2, yani yenye maagizo ya SSE4.2 na wenzake. Prosesa yako ya kweli inayo, ina miaka mingi tu inayo, lakini QEMU usipoiambia kitu inampa mgeni prosesa ya kubuni iitwayo qemu64 ambayo haina. Matokeo yake kerneli inabuti, inamkabidhi init, programu ya kwanza ya mfumo, na init anafia mlangoni, "Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init!" Mtu anasoma hiyo anadhani diski au ISO. Panda juu kidogo utakuta "Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2". Dawa ni `-cpu host`, au kwenye virt-manager, dirisha la kusimamia mashine za QEMU, unaweka tiki ya kunakili prosesa ya mwenyeji, basi, imeisha. Proxmox, mfumo wa seva wa kuendeshea mashine pepe, kabla ya toleo la 8 ilikuwa inatoa kvm64 kama chaguo la kawaida, ugonjwa uleule. Na RHEL 10 ya 2025 imepandisha tena, inataka v3 yenye AVX2, kwa hiyo kama prosesa ya mwenyeji ni ya zamani hapo hata `host` haitakuokoa.

Zamani kidogo kilio kilikuwa cha PAE, uwezo wa prosesa za 32-bit kutumia RAM kubwa, "This kernel requires the following features not present on the CPU: pae", unaweka tiki moja kwenye VirtualBox inaondoka. Na ukikuta kerneli inadai inahitaji x86-64 lakini imeona i686, umechagua mgeni wa 32-bit wakati ISO ni ya 64-bit. Na kama orodha ya VirtualBox haikuoneshi kabisa machaguo ya 64-bit, rudi kule mwanzo, VT-x imezimwa au imeshikwa na Hyper-V.

RAM nayo inaua kwa namna inayodanganya. Kisakinishi ni mfumo kamili unaokimbia kutoka kwenye RAM, kinajifungua humo kwanza kabla hakijagusa diski. Ukikipa RAM ndogo mno hakisemi "nimeishiwa RAM", kinasema "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", au vile vya Red Hat vinasema "No space left on device", na mtu anaenda kuongeza diski kutoka giga 20 hadi giga 60 na hakuna kinachobadilika, kwa sababu hiyo nafasi iliyoisha ni ya kwenye RAM. Kwa mifumo ya kisasa yenye desktopu mimi naanzia giga 4 wakati wa kusakinisha, ukimaliza unaweza kuishusha.

Kama skrini imebaki nyeusi tupu bila maandishi, usiseme imeganda bado. Kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kubuti, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, futa `quiet splash`, na ikibidi ongeza `nomodeset`. Kufuta hayo maneno mawili peke yake kumenipa majibu mengi sana, maana yanafanya kazi ya kuficha yale unayohitaji kuyaona. Kwenye VirtualBox jaribu pia kubadili kidhibiti cha picha, VMSVGA kwa Linux, VBoxSVGA kwa Windows. Na ile ya Ubuntu ambapo dirisha la kisakinishi limekatwa chini na kitufe cha kuendelea hakionekani, ni skrini ya 800 kwa 600 tu, shika Alt, au kitufe cha Windows kwenye Ubuntu za karibuni, uburute dirisha juu.

Kisakinishi kikifunguka na kusema hakuna diski, niamini, diski ipo. Hakina draiva ya kidhibiti chake. Hii ni maarufu kwa watu wanaopiga Windows kwenye KVM, ile ya Linux inayofanya kazi na QEMU, kwa sababu kwenye virt-manager au Proxmox watu wanapenda kuchagua VirtIO, ambayo ni kidhibiti kilichobuniwa kwa ajili ya mashine pepe na kina kasi nzuri, Linux ina draiva zake ndani ya kerneli, ila ISO ya Windows haina. Unapakua ISO ya virtio-win, unaichomeka kama CD ya pili, kisha kwenye ule ukurasa mtupu wa kuchagua diski unabofya Load driver. Folda ni viostor kama diski ni virtio ya kawaida, vioscsi kama ni virtio-scsi, ndani yake unachagua toleo la Windows na amd64. Diski inajitokeza palepale. Ukiwa hapo hapo ongeza na NetKVM, maana Windows 11 ikifika kwenye hatua za mwisho inadai intaneti na bila draiva ya mtandao utakwama ukutani. Kuna wanaokwepa yote haya kwa kubadili diski iwe SATA, inafanya kazi, siwakatazi, ila unapoteza kasi ambayo ndo sababu ya VirtIO kuwepo.

Mifumo ya zamani ina hadithi hiyohiyo kwa upande wa pili. Windows XP ya 2001 haina draiva ya AHCI, namna ya kisasa ya kuendesha diski za SATA, ukimpa diski ya SATA anasema hajaona diski yoyote, na ukiihamisha XP iliyokwisha sakinishwa kutoka IDE kwenda AHCI inapiga skrini ya bluu 0x0000007B. Mpe IDE atulie. Windows 98 yenyewe inasumbuka na wingi, ukiipa RAM zaidi ya mega 512 inaweza kukuambia haina RAM ya kutosha, ndiyo, imepewa nyingi mpaka inasema haitoshi, shusha hadi 256 uone inavyonyooka.

Windows 11 nimeitaja mara mbili tatu, ile "This PC can't run Windows 11" ina orodha fupi nyuma yake: TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI yenye Secure Boot, RAM giga 4, diski giga 64, na prosesa ya 64-bit yenye kori 2 au zaidi. Tatizo ni kwamba haikuambii ni kipi umekosa. Wengi wanakumbuka TPM wanasahau kori, mashine imebaki na kori 1. VirtualBox imeleta TPM na Secure Boot kwenye toleo la 7.0, Oktoba 2022, kwa hiyo kama uko na 6.1 suluhisho ni kuapdeti, na kwa KVM unaweka swtpm, yani TPM ya kuigiza. Ile njia ya Shift+F10, kufungua regedit na kuandika LabConfig na BypassTPMCheck inafanya kazi kweli, ila mimi kama TPM ya kuigiza inapatikana bure kabisa naiweka, namwachia mgeni mashine iliyokamilika.

Hiyo Shift+F10 lakini ishike kwa ajili nyingine. Wakati wowote kisakinishi cha Windows kikitoa kosa lisiloeleweka, bonyeza hiyo, terminali inafunguka, andika `notepad X:\Windows\Panther\setuperr.log`. Hapo kuna yale ambayo lile dirisha la bluu halikukuambia. Kwenye Debian logi iko kwenye konso ya nne, Ctrl+Alt+F4, na kama mwenyeji wako ni Linux atakunyang'anya hivyo vitufe, basi kwenye VirtualBox tumia kitufe cha Host (kwa kawaida Ctrl ya kulia) na F4. Na mwenyeji pia anaandika ya kwake, VBox.log kwenye folda ya Logs ya mashine, vmware.log pembeni ya faili la vmx, na kwa libvirt, iliyo nyuma ya virt-manager, ni /var/log/libvirt/qemu/. Hizi za mwenyeji ni muhimu mno pale mgeni anapokufa bila neno lolote, maana ukimya wa mgeni mara nyingi sababu yake imeandikwa upande wa pili.

Mfano ni kile kisakinishi kinachosimama katikati. Kinanakili mafaili vizuri, ghafla kimya. Diski za mashine pepe nyingi ni za kukua, umesema giga 60 lakini faili limeanzia dogo na linavimba kadri mgeni anavyoandika, na mgeni anaamini ana giga 60 hata kama mwenyeji amebakiwa na giga 8. Ikiisha, QEMU na VirtualBox zote zinamsimamisha mgeni pale alipo badala ya kumwacha aharibu data, na ukiangalia kwa haraka unaona tu picha imeganda. Cheki hali ya mashine, kama imeandikwa paused basi futa vitu kwa mwenyeji, rudi bonyeza Resume, na inaendelea kutoka palepale ilipoachia, huhitaji kuanza upya. Fikiria wangapi wanaifuta hiyo mashine.

Kusimama kwingine ni kwa "watchdog: BUG: soft lockup - CPU#1 stuck for 22s!" ambapo mgeni analalamika kori yake haijapewa zamu. Mara nyingi ni mtu kampa mgeni kori zote za mwenyeji akidhani ataenda kasi, wakati mwenyeji naye anataka kupumua. Nusu inatosha. Na kama inakwama kwenye hatua ya kushusha vifurushi vya mtandao, kabla hujalaumu intaneti angalia saa ya mgeni, apt, ile ya kushusha vifurushi vya Debian na Ubuntu, ikisema "Release file is not valid yet" saa iko nyuma, na vyeti vya HTTPS navyo vinakataliwa kwa sababu hiyohiyo.

Tumalizie na ile iliyokamilika. Kisakinishi kimesema hongera, imeristati, na umerudi kwenye skrini ya kwanza ya kuchagua lugha. Hakuna kilichopotea. Mashine imebuti ISO tena kwa sababu bado imechomekwa na iko mbele kwenye foleni. Itoe tu. Na kwa Windows hapa ndo kile kitufe kinarudi, inaristati yenyewe katikati ya kazi na inatoa tena ule mstari wa kubonyeza kitufe chochote, safari hii usiguse kibodi, acha upite, ukibonyeza unaanza upya na utazunguka hivyo mpaka kesho.

Ikirudi na neno "Shell>" badala yake, uko ndani ya UEFI ambayo imesahau bootloader, yani programu inayouamsha mfumo, iko wapi. Andika `fs0:` afu `ls EFI`, ukiona folda yenye jina la mfumo wako, kwa mfano debian, ingia uendeshe grubx64.efi kwa mkono, mfumo utawaka. Baada ya hapo nakili hiyo grubx64.efi iwe \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI, maana hapo ndo famweya inapotafuta ikiwa haina kumbukumbu nyingine. Kama `fs0:` haipo kabisa, inawezekana uliusakinisha mfumo kwa BIOS afu ukawasha EFI kwenye setingi, rudisha kama ilivyokuwa.

Na ukiwa na VirtualBox 7.0, kabla ya yote haya, kwenye dirisha la kutengeneza mashine weka tiki ya Skip Unattended Installation. Bila hiyo inakusakinishia yenyewe, inaweka mtumiaji vboxuser mwenye nywila changeme, kwenye Ubuntu mtumiaji huyo unaweza kukuta hana ruhusa ya sudo, yani ya kufanya kazi za kiutawala, na kwa Windows ndo chanzo kimojawapo cha lile kosa la "cannot find the Microsoft Software License Terms". Kwenye VMware kosa hilohilo linatokana na floppy inayobeba majibu ya Easy Install, ondoa floppy kwenye setingi, washa tena, sakinisha kwa mkono wako. Mfumo ukishawaka na ukaingia mpaka ndani, toa ISO, zima kwa njia ya kawaida, piga snapshoti, yani hifadhi hali ya mashine uweze kuirudia, wakati imezimwa, ndo uanze kuweka vitu vyako.